Ndeshi Alipoketi Kati ya Mikungu

Nilizaliwa majuma mawili kabla ya sikukuu ya mavuno, katika mwaka ambao Wajerumani waliwaita wanaume wengi wa mlimani kwetu kwenda kutengeneza barabara ya Boma la Arusha. Kwa hiyo habari hii sikuiona kwa macho. Alinisimulia mama yangu, Anyesi, tena zaidi ya mara moja, na baba hakumkanusha hata siku moja, ingawa yeye ndiye anayechekwa humo.

Kwa desturi yetu Wameru, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani miezi mitatu. Hashiki jembe wala hapiki. Huletewa mtori wenye mafuta mengi mpaka mwili umrudie. Kazi ya kumlisha ni ya mama yake au ya mama mkwe. Mama yake Anyesi alikuwa amekwisha kufariki, na bibi yangu Hanna, aliyemzaa baba, alikuwa ameteguka mguu, amelala pembeni akitoa amri tu. Basi baba yangu Sadoki, mzee wa kanisa, mwanamume mwenye ndevu, akapika. Alipika kwa siri, lakini majirani walijua kwa harufu ya kuungua.

"Leo umetia nini humu?" mama alimwuliza.

"Ndizi na nyama."

"Na mkaa?"

"Mkaa umeingia wenyewe."

Mama alikula kidogo, akageukia ukuta. Maziwa yake yalianza kupungua, nami nililia mchana kutwa.

Juu kidogo ya kwetu aliishi Ndeshi, mwanamke wa miaka kama arobaini. Alikuwa kigego, maana utotoni meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini. Watu wa zamani waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo huleta mauti nyumbani, na wengi hawakuachwa waishi. Ndeshi alifichwa na nyanya yake. Akakua, lakini hakuolewa, na hakuna aliyekula kitu kilichotoka mkononi mwake. Sisi Wakristo nasi tulikuwa hivyo hivyo. Siku zile sadaka za mavuno ziligawiwa palepale baada ya ibada, kila zawadi ikiitiwa nyumba yenye uhitaji, yaani ikitajwa nyumba itakayoipokea. Mwaka uliotangulia Ndeshi alileta mkungu wa ndizi. Ulioza nyuma ya kanisa, na mzee wa kanisa aliyeuruka bila kuuitia nyumba alikuwa baba yangu.

Mwaka ule niliozaliwa Ndeshi aliingia darasa la ubatizo kwa Mwalimu Gidion. Huko alisikia neno lililomkosesha usingizi. Mwalimu alisema, "Hakuna aliyekuja duniani kwa makosa. Kila mmoja wenu ni zawadi iliyotoka mkononi mwa Mungu." Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba siku ya mavuno kila mtu alete mbele ya Bwana zawadi aliyopewa na Mungu.

Siku ilipofika, watu wa Nduruma, kule tambarare, walileta maharage, wa mlimani wakaleta ndizi, mayai na ulezi. Ndeshi alikuja mikono mitupu. Alipita katikati ya kanisa, akaketi chini mbele, kati ya mikungu, akakunja miguu yake vizuri.

Watu walidhani amechoka. Ibada ikaisha, baba akaanza kugawa. Mkungu huu kwa mjane fulani, kuku huyu kwa mgonjwa fulani. Vitu vikapungua, na Ndeshi akabaki peke yake sakafuni.

Mama mmoja aitwaye Susana akapaza sauti, "Sadoki, na huyo utamwitia nyumba ya nani?"

Kanisa likacheka. Mwalimu Gidion akashuka haraka. "Mama, inuka. Hukunielewa."

"Nilikuelewa, Mwalimu. Ulisema kila mmoja ni zawadi. Vitu vyangu hakuna anayevitaka, nikaona nijilete mwenyewe." Akamtazama. "Au uliposema kila mmoja, mimi ulinitoa?"

Mwalimu akamgeukia baba. Kicheko kilikoma.

Kazi ya kuita ilikuwa ya baba. Alisimama pale, jasho likimtoka, akijua kwamba akiinamisha kichwa na kufunga kwa sala, Ndeshi atatoka mlangoni na hatarudi tena. Alikumbuka ule mkungu. Baadaye alikiri kwamba haikuwa imani peke yake, hata mgongo ulikuwa umechoka kuinamia chungu.

"Nyumba ya Sadoki," akasema. "Kwangu kuna mzazi. Ndeshi, twende."

Bibi Hanna alipowaona mlangoni alisahau mguu wake, akakaa wima.

"Sadoki! Umeniletea nini humu, na mtoto hana hata mwezi?"

"Nimeleta zawadi ya mavuno, mama."

"Irudishe!"

Baba hakuirudisha. Alimwonyesha Ndeshi jiko, akatoka kukaa uani, maana alikuwa anaogopa. Ndeshi akamenya ndizi, akachemsha nyama, akaponda taratibu mpaka mtori ukalainika. Kisha akautia katika kibuyu, akaja nao hadi kilipokuwa kitanda cha mama, akauweka chini mbali, akarudi nyuma hatua tatu. Ndivyo alivyozoea kuwapa watu vitu.

Mama alikitazama kile kibuyu. Alimtazama mkwewe, aliyekuwa akitikisa kichwa. Alinitazama mimi.

"Usiniwekee chini," akamwambia Ndeshi. "Mimi si mbuzi. Nipe mkononi."

Ndeshi alikiokota, akampa. Vidole vyao vikagusana. Mama akanywa mpaka akakwangua, akafuta mdomo, kisha akanichukua kwenye nguo na kumnyoshea Ndeshi.

"Shika. Mikono yangu imechoka."

Ndeshi hakuwahi kumshika mtoto mchanga. Alininyanyua kama mtu anayebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Akanichungulia kinywani.

"Bado hana meno."

"Bado."

"Na yakitangulia ya juu?"

"Yakitangulia ya juu," mama akasema, "wewe ndiye utakayemfundisha kutafuna."

Ndeshi akakaa chini ghafla, nami mapajani mwake, akalia bila sauti, machozi yakinidondokea usoni. Mama alimwacha alie.

Kisha bibi Hanna akakohoa kule pembeni kwake.

"Huo mtori," akasema, akiutazama ukuta, "umebaki?"