Sifa za Alois Mbele ya Hakimu

Maneno yalianzia kisimani: mwanangwa Lugembe analitaka lile bonde la mpunga la Alois. Apolinaria, mama yake Alois, aliyafukuza, yakarudi. Lakini mwanawe alikuwa mahabusu Tabora kwa kusingiziwa wizi wa nta, na mvua zilikaribia. Asipolima, watoto wake wale nini?

Ikabidi amwendee huyo huyo Lugembe, maana mwanangwa ndiye mkuu wa kijiji, serikali humsikiliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usilie, mama Alois. Nitasimama mimi mwenyewe kumdhamini. Mwanao atalala nyumbani."

Wakapanda treni Usoke kwenda Tabora, Apolinaria na jogoo wa shukrani kapuni.

Mahakamani hakimu Mzungu aliuliza, karani akafasiri: "Tukimwachia kwa dhamana, atarudi siku ya kesi? Anakaa wapi?"

Lugembe akasimama, kanzu imenyooka.

"Bwana mkubwa, Alois si wa kukaa jikoni na mama yake. Mwanamume huyu! Tanga kwenye mkonge kaenda mara mbili. Kongo kafika. Akiamka akasema naondoka, hakuna wa kumshika!"

Watu wakacheka kwa kupendezwa. Kwetu kijana asiyesafiri, nani atampa mke? Apolinaria akapiga kigelegele, akamsogezea Lugembe kapu la jogoo.

Mzungu hakucheka. Karani akafasiri: "Anayezijua njia zote hizo hatangoja kesi. Dhamana imekataliwa."

"Lakini alirudi!" Apolinaria alipaza sauti. "Kila safari alirudi! Ana mke, ana nyumba! Baba, waambie!"

Lugembe alikuwa akivaa kofia. "Nimemsifu mwanao, mama. Ulitaka nimtukane?"

Juma lililofuata mkwe wa Lugembe alikuwa bondeni na jembe. Tekla, mke wa Alois, akamfuata.

"Hilo la mume wangu."

"La mfungwa."

"Hajafungwa. Anangoja kesi."

"Basi mngojee," akasema, akaendelea kulima.

Akina mama wenzangu, mkipatwa na haya, epukeni:

Kumwomba dhamana mtu anayetamani mali yenu.

Kumwachia mtu mmoja aseme yote.

Kusifu safari za kijana mbele ya hakimu. Tajeni nyumba yake, mkewe, shamba lake, na kwamba hurudi.

Kushangilia kabla hakimu hajasema.

Kutoa jogoo mapema.

Kudhani wanauliza kama mwanao ameiba. Siku ya dhamana hawaulizi hilo.