Shingo ya Raja Ketsal

Katika mji wetu wa Barnoda hakuna aliyewahi kuuona uso wa Raja Ketsal, mfalme wetu wa kale. Sanamu yake pale kando ya bwawa inaishia shingoni. Kichwa kilikatwa vitani miaka mia tatu iliyopita, kikapelekwa Delhi ndani ya mfuko wa ngozi, na tangu siku hiyo wanawake wa nyumba inayotunza sanamu hawali chumvi. Waliapa hivyo mpaka kichwa kirudi, kichomwe moto kwa heshima kama maiti nyingine zote. Bibi Dhapu ndiye wa mwisho wao. Ana miaka themanini na moja na hana mtoto.

Mwaka jana serikali ilitoa stempu ya Raja. Mchoraji aliubuni uso: masharubu, kilemba chekundu, macho yanayotazama pembeni. Mimi ni karani wa posta, na siku ya kwanza nilimwita Bibi Dhapu dirishani nimpe moja.

Hakuigusa. Alivuta ushungi wake mpaka puani, kama wanawake wetu wanavyofanya mbele ya baba mkwe.

"Huyo umemtoa kwenye droo, Sugna," alisema. "Raja aliondoka kwa barabara. Atarudi kwa barabara, kutoka Delhi. Nimeshamwandikia mjukuu wa kaka yangu aliye huko anitumie barua yenye stempu hii."

"Itafika, bibi."

"Na asiguswe na chuma mara ya pili."

Kila stempu inayosafiri hugongwa muhuri wa chuma. Wakisahau kule inakotoka, tunaigonga sisi inapofikia. Nilimweleza hivyo kwa sauti ndogo, kwa sababu mkuu wetu, Ojha-ji, alikuwa nyuma yangu.

"Basi wakisahau wao, nawe usahau," alisema. "Niahidi."

Nikamwahidi.

Kuanzia hapo alikuja kila siku saa nne asubuhi, gunia la barua linapofunguliwa. "Amefika?" "Bado, bibi." Halafu anaketi kwenye benchi, anapumzisha magoti, anaondoka.

Sikumwambia jambo moja. Watu wa mjini walikuwa wakituma barua zao kwa stempu hiyo, na mimi nililenga pembeni, kwenye kona, mbali na uso. Lakini kila nilipoinua muhuri, mstari mweusi ulikuwa umepita shingoni. Nilizibadilisha upande bahasha, nikazigeuza juu chini. Shingoni tena. Nilianza kuisikia droo ikinuka ngozi iliyolowa, ingawa jua la mwezi wa tano lilikuwa limekausha hata bwawa.

"Mkono wako mzito," alisema Ojha-ji. "Umeolewa na huo muhuri, au nini? Gonga polepole."

Siku ya kumi na tisa gunia lilichelewa na basi linalobeba barua za milimani lilikuwa linapiga honi nje. Ojha-ji alichambua barua haraka haraka, akanisukumia tatu.

"Delhi wamelala usingizi. Hizi hazina muhuri. Maliza hizo."

Niligonga ya kwanza. Wakati huohuo kivuli kikasimama dirishani.

"Amefika?"

Niligeuza uso kumtazama. "Bado, bibi," nilisema, na mkono wangu ukashuka.

Nilijua kabla sijatazama. Muhuri ulitoa sauti tofauti, nzito, kama umegonga kitu kilicho hai. Kwenye bahasha liliandikwa jina la Dhapu, na stempu yake ilikuwa imefika safi kutoka Delhi, haijaguswa na mtu. Sasa mstari ulikuwa umepita shingoni, wino ukiwa bado mbichi.

Ojha-ji alichukua furushi la basi akatoka. Nilimpelekea bibi barua mwenyewe, nje, nikiwa nalia.

Aliipokea, akauona mstari.

"Nani?"

"Mimi, bibi. Nisamehe."

"Ulikuwa unatazama?"

"Hapana. Nilikuwa nakutazama wewe."

Aliweka kidole juu ya mstari. Wino ukamshika.

"Siku zote hizi nilikuwa najiuliza nitamtambuaje," alisema. "Uso wake siujui. Mchoraji naye haujui. Lakini hapa," akapapasa shingo, "hapa ninapajua. Bibi yangu alinionyesha palipokatwa, kwenye jiwe la sanamu, nikiwa mdogo."

Akajifunika uso kwa ushungi, akaishika bahasha kwa mikono miwili.

Mchana ule tuliichoma mbele ya sanamu, kwa samli na vijiti vya msandali. Ilikuwa karatasi ndogo tu, lakini ilichukua muda mrefu kuungua, na hatukutazamana. Kisha Bibi Dhapu alimega mkate wa mtama, akanyunyiza chumvi, akatafuna taratibu.

"Ikoje?" nilimuuliza.

"Kama machozi," alisema. "Nilidhani itakuwa kitu kingine." Akamaliza mkate wote.

Asubuhi iliyofuata hakuja. Alikuwa amelala, jirani yake aliniambia, usingizi mzito wa mtu aliyeshiba. Saa nne gunia likafunguliwa, na ndani mlikuwa na barua ya kwenda kwa mwenye duka la nguo, kutoka Delhi. Raja alikuwa kwenye kona, msafi, bila muhuri, akitazama pembeni.

Nikaweka kidole gumba juu ya shingo yake asikatwe tena, nikagonga.

"Sugna," alisema Ojha-ji, "muhuri unapigwa kwenye stempu, si kwenye kidole."

"Ndiyo, bwana."

Ukucha wangu umekuwa mweusi. Kesho gunia linakuja tena.