Nafasi ya Mshono

"Usinifanye mtoto, Bi Pindo," alisema Mama Redio, mikono kiunoni, katikati ya kamba mbili za nguo. "Leo siku ya tatu unalisha watu. Vijiko nasikia, watoto wanacheka. Ukuta wako na wangu ni mmoja, halafu hata kusema jirani karibu, hakuna!"

"Namlisha nani, mwenzangu? Mimi miaka yote nakula na kivuli changu."

"Kivuli hakiombi chumvi."

"Nani kaomba chumvi?"

"Mwanamke. Juzi saa saba mchana, na jana saa saba mchana. Nikataka kuipitisha dirishani, nikasema ng'o! Kula sialikwi, kutoa chumvi ndiyo nikumbukwe?"

Bi Pindo aliweka nyundo chini. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Alisema kama jirani yake ana subira ya dakika tano, wageni wenyewe atawaona. Mama Redio hakuwahi maishani kukataa kuonyeshwa kitu. Alikwenda kuleta kigoda chake.

Kilichokuwa kati yao ni sanduku.

Bi Pindo alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Mikono ilikuwa bado mizima, na mikono isiyo na kazi humwasha mwenyewe, kwa hiyo akaamua kujifunza useremala. Mbao, alisema, unaiona hata bila miwani. Angeanza na kitu chepesi: sanduku dogo la kuwekea vifungo, urefu wa mkono, pande nne, chini, na kifuniko. Msumeno aliazima. Mbao alizipata nyuma ya uzio, pale zilipovunjwa nyumba kumi na moja miezi tisa nyuma. Kulikuwa na mlango wa kijani umeegeshwa kwenye kifusi, hauna nyumba. Aliuburuta mpaka kwake na kuuegemeza nyuma ya pipa la maji.

Alifanya kosa ambalo seremala halifanyi, ila fundi cherehani hawezi kuliacha. Alipima kwa futi yake ya kitambaa, akachora kwa chaki, kisha kila ukingo akaongeza vidole viwili, nafasi ya mshono. Nguo isiyoachiwa nafasi humfedhehesha mvaaji mbele za watu. Lakini mbao haikunjwi. Mwanzoni alijaribu kuzishikisha kwa pini, zikavunjika sita, ndipo akakubali misumari. Pembe hazikukutana. Kifuniko kilipitiliza upande mmoja, na upande wa pili kikaacha mwanya wa vidole viwili kamili. Alipiga msasa juu ya hayo yote, kama mtu anayepaka poda kwenye jipu.

Saa saba ilipogonga, ndani ya sanduku kilifunuliwa chungu. Benchi likavutwa. Vijiko vinne vikaanza kugonga sahani, na mvuke mwembamba ukatoka kwenye mwanya.

"Baba yenu kachelewa na hiyo chumvi," ilisema sauti ya mwanamke.

"Tuanze?" aliuliza mtoto.

"Tuanzeni. Atatukuta."

Mama Redio aliinama akanusa. "Maharage," alisema. "Na hayajaiva sawasawa." Alifunua kifuniko. Ndani mlikuwa na unga wa mbao na msumari mmoja uliopinda. Alipofunika, vijiko viliendelea.

"Si wageni wako hawa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona shuka la mwenzake kwenye kamba isiyo yake. "Hawa ni wa Fundi Rangi. Ngoja nikamwite."

Fundi Rangi alikuwa amepaka rangi nusu ya kuta za mji ule, na sasa alilala kwenye mkeka, kwenye ujia wa Mama Redio. Zamani alikaa katika mojawapo ya zile nyumba kumi na moja. Siku ya kuvunjwa, chakula kikiwa kinaepuliwa, mkewe alimtuma dukani. Aliporudi, katapila lilikuwa juu ya paa, na paa lilikuwa chini. Alisema ndani kuna watu. Dereva alimwonyesha karatasi. Karatasi ilisema: Wakazi, hakuna. Kwa kuwa hakukuwa na watu, hakikuchimbwa kitu; kifusi kilisawazishwa, uzio ukazungushwa, likawekwa bango. Tangu hapo alikuwa akienda kila wiki kwenye ofisi iliyotoa karatasi ile kuomba pachimbwe, awatoe, awazike kama watu wanavyozikwa. Pakiti ya chumvi ya siku ile ilikuwa bado mfukoni mwa koti lake.

Alikuja kabla vijiko havijanyamaza. Hakuinama kusikiliza kwanza. Aliangalia pale msumeno ulipopita, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Rangi zilionekana tabaka kwa tabaka, kama keki.

"Manjano nilipaka alipozaliwa wa kwanza," alisema. "Bluu, wa pili. Hii kijani ni ya kitinda mimba."

Kisha akasikiliza, akihesabu vijiko kwa vidole vyake.

"Wote wapo," alisema. "Wanakula chapwa."

Aliomba aazimwe sanduku kwa siku moja. Bi Pindo alisema achukue, ila asilipindue, chungu kimejaa.

Kesho yake alivaa shati lenye kola na kulibeba sanduku mikononi mpaka ofisini. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, akiwapisha waliomtangulia na waliokuja nyuma yake, mpaka saa saba kasoro kidogo, karani alipoanza kufunga droo. Karani alikuwa mtu mpole. Kwa miezi tisa hakuwahi kumpandishia sauti.

"Fundi, shikamoo. Leo tena?"

"Marahaba. Leo nimekuja nao," alisema Fundi Rangi, akaliweka sanduku juu ya meza.

Benchi likavutwa. Chungu kikafunuliwa. Karani aliinamisha kichwa kama anayepokea simu yenye mawimbi mabaya, akahesabu vijiko kwa ncha ya kalamu.

"Wanne," alisema.

"Wanne. Basi andika."

Karani alitoa faili, akafungua ukurasa wa nyumba ile, akautazama kwa huruma. "Huu ulishagongwa muhuri, fundi. Hauguswi. Ila naweza kukufungulia ukurasa wa sanduku." Akaandika, akitamka kila neno: "Sanduku moja la mbao. Rangi, kijani. Halijanyooka. Ndani, watu wanne, wanakula."

"Na nyumba?"

"Nyumba ilikuwa tupu."

"Nataka pachimbwe, bwana karani. Niwazike."

"Kuchimba ni kutafuta watu. Watu wenyewe si hawa, umewabeba?"

Ndani ya sanduku kijiko kimoja kilisimama.

"Nani huyo anaongea mlangoni?" iliuliza sauti ya mwanamke. "Karibu tule."

Karani alikuwa amelelewa vizuri. Aliweka kalamu chini. "Ahsante, mama. Nimekwisha kula."

"Hata tonge moja?"

"Siku nyingine, mama," alisema karani, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, na akaugonga muhuri ukurasa wa sanduku.

Fundi Rangi alirudi kwa njia ya uzio. Bango lilikuwa limefifia. Yeye angelipaka vizuri zaidi. Alipofika uani, Mama Redio alikuwa ameshampasha Bi Pindo yote yaliyosemwa ofisini, hata lile la kutonyooka, na Bi Pindo alikuwa amenuna.

"Halijanyooka! Yeye kola yake imenyooka?"

Fundi Rangi aliweka sanduku juu ya kigoda, akatoa pakiti ya chumvi. Kwa miezi tisa ilikuwa imeganda jiwe. Aliiponda kwa mpini wa nyundo, akaimimina kidogo kidogo kwenye ule mwanya wa vidole viwili. Ndani kijiko kikakoroga.

"Sasa imekolea!" alisema mtoto.

"Baba watoto," mkewe aliita, "mbona unasimama nje kama mgeni? Nawa mikono uingie."

Fundi Rangi alikwenda bombani akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akisugua rangi iliyokuwa kwenye kucha tangu zamani. Alirudi akafunua kifuniko. Unga wa mbao, msumari uliopinda. Hata chumvi haikuwepo. Akafunika.

"Ule mlango," alimwuliza Bi Pindo, "umebaki kiasi gani?"

"Zaidi ya nusu."

"Unatosha kwa sanduku la mtu?"

Bi Pindo aliutazama nyuma ya pipa, akamtazama na yeye, kuanzia unyayo hadi utosi. "Mtu aliyenyooka, hapana. Akikunja magoti, unatosha."

"Mezani watu hukunja magoti."

Jambo hilo halikuwa na ubishi. Bi Pindo alivua futi shingoni, pale ilipokuwa ikilala kwa miaka thelathini na mmoja. Alimpima mabega. Fundi Rangi aliinua mikono bila kuambiwa, kama mteja wa suti. Alimpima kifua, akampima kutoka kiuno hadi goti, na kila kipimo akakitamka na kukiandika kwa chaki kwenye mlango wa kijani, akiongeza vidole viwili. Mbavu za mteja zilihesabika juu ya shati.

Mama Redio alizitazama zile mbavu. Kwa miezi tisa alikuwa akilala ukuta mmoja na kikohozi cha mtu huyu.

"Vipimo hivyo si sahihi," alisema.

"Mimi?" Bi Pindo aligeuka. "Mimi nimekosea kupima?"

"Wewe mwenyewe ulinifundisha, mwaka ule wa gauni langu la harusi ya mdogo wangu. Ulinirudisha nyumbani nikale kwanza. Mtu hapimwi na njaa, ulisema. Akishiba kipimo kinabadilika, na lawama anabeba fundi."

Bi Pindo alifikiri. Alikuwa amesema hivyo, na ilikuwa kanuni ya kazi. Alilowesha kidole kwa mate, akafuta chaki mstari mmoja baada ya mwingine.

"Basi ale. Nitampima kesho."

"Kesho pia atakula," alisema Mama Redio.

Ndani ya sanduku walikuwa wanakwangua sahani. Mama Redio alikwenda mlangoni kwake, akalishika pazia kwa mkono mmoja na kulisogeza pembeni.

"Ingia ndani, fundi, chakula kiko mezani. Chumvi ipo."