Jiwe Lililoniita Shemeji

Usiku wa jana niliota jiwe la mume wangu linaniita shemeji, nami nikaitika bila kuona ajabu.

Nieleze kwanza. Mume wangu, Sitta, anaosha mchanga wa dhahabu. Zebaki ikishaishika dhahabu, kinachobaki tunakiita marudio, na kinamwagwa. Humo kwenye marudio ndimo Sitta alimoliokota jiwe lake: jeupe kama bati jipya, dogo kama yai la kanga, zito kupita kiasi. Wenzake walisema ni madini ya risasi tu. Nami nikasema ni risasi, tena kwa sauti. Yeye akashikilia kwamba si risasi, akaliweka mlangoni pa jikoni, na kila akipita analisalimia. Mimi kila nikipita ninajikwaa.

Juzi kidole cha mguu kilipovimba, nilimwambia fundi Malembeka, anayetujengea choo, kwamba akija kumwaga zege alizike jiwe humo. Sitta alisikia. Tangu hapo hanisemeshi. Hata chumvi anaiomba kwa kidole. Kimya chake kinaniuma kuliko huo uvimbe, lakini mimi nikishasema nimesema.

Basi, ndotoni niko mlangoni pa jikoni.

"Hodi, shemeji," jiwe linasema.

"Karibu. Lakini si uko ndani tayari?"

"Niko ndani. Ila mimi ni marudio, kwa hiyo nimerudi."

Hapo hodi zinakuwa nyingi. Kila tulichowahi kukitoa nyumbani kinarudi: kandambili zilizokatika, meno ya utoto ya binti yangu Limi, beberu tuliyemuuza, na mama mkwe aliyeondoka Jumanne. Mama mkwe anauliza kama kuna chai. Beberu naye anauliza hivyo hivyo.

Nageuka kuchukua birika, najikuta ukumbini, kwenye harusi. Bibi harusi ni Dhahabu, bwana harusi ni Zebaki, anateleza kutoka meza hii hadi ile. Mshereheshaji ni karai la kuoshea mchanga.

"Atakayeshikwa na Zebaki aketi," Karai linatangaza. "Asiyeshikwa akamwagwe."

Zebaki anafika kwetu, anamgusa shemeji yangu, anateleza zake.

"Samahani," anasema. "Hunishiki moyo."

"Huyu ni risasi," Karai linasema. "Mwageni."

"Hakuna aliyeniuliza jina," jiwe linasema.

Naona aibu kidogo, maana hata mimi sikuuliza. "Haya, jina lako nani?"

"Sperilaiti. Baba Platinamu, mwenye thamani kama huyo bibi harusi; mama Arseniki."

"Ukoo huo mbona siujui?"

"Tuko wachache. Tulizaliwa chini sana, mwamba ulipokuwa bado uji wa moto. Ulipopoa tukatulia tabaka kwa tabaka, majirani zetu kina Kromiti, weusi, watu wazuri. Wengine mito ikatuchukua. Wapo watu waliozeeka wakimtafuta mmoja wetu anayeonekana bila miwani."

"Na wewe ukaona uje mlangoni kwangu kunivunja kidole."

"Pole, shemeji. Huu uzito sina pa kuuweka."

Karai linataka ushahidi. Linaliita kucha la dole gumba langu, kwa sababu risasi inakwaruzika kwa kucha. Kucha linabanduka, linakwenda, linakwaruza, linashindwa, linarudi mahali pake likilia. Chupa za soda zinaona hayo na kuingia chini ya meza, maana jiwe hili linakwaruza hata kioo. Mizani inapanda jukwaani na maji ya ujazo ule ule wa jiwe. Maji yanaruka juu. Wanaongeza, na kuongeza, hadi mara kumi, na jiwe bado liko chini linapiga miayo.

"Aweke sahihi," Karai linasema.

Jiwe linajisugua kwenye kitako cha kikombe, pale pasipong'arishwa. Mstari unatoka mweusi tii.

"Mweupe anaandikaje mweusi? Huyu tapeli!"

"Ndio mwandiko wangu," jiwe linasema. "Nileteeni jiko."

Linapanda juu ya makaa, linakaa kitako. Mara ukumbi mzima unanuka kitunguu saumu. Nyumbani kwangu hakiingii kitu hicho, kinamvimbisha Sitta tumbo.

"Huyo ndiye mama yangu," jiwe linasema. "Mkwepe, shemeji. Mama ni sumu."

Wageni wanakimbia. Zebaki anauliza ni nani anapika pilau. Mimi najiziba pua, na ninacheka, na moyo unaniuma kwa ajili ya Sitta, kwa sababu alikuwa amesema kweli peke yake. Ndipo nasikia miguu baridi. Sakafu imekuwa zege. Jiwe linazama.

"Shemeji," linasema, bila kupiga kelele. "Mwambie kaka Sitta hakukosea."

Nalivuta. Linanivuta. Naamka.

Uani koleo linakwangua zege. Mlangoni jiwe halipo.

Nilitoka mbio na kanga moja. Fundi Malembeka alikuwa amepiga magoti, zege bichi mbele yake, na katikati kishimo kidogo kinaanza kujifunga. Sitta alikuwa amekaa juu ya tofali, ametupa mgongo.

"Mama Limi, si ulisema mwenyewe?" fundi akauliza.

Sikumjibu. Nilitumbukiza mkono hadi kiwiko, nikapapasa, nikalivuta. Nikaenda nikampa Sitta, likiwa linachuruzika.

"Si risasi," nikamwambia. "Hukukosea, baba Limi. Nisamehe."

Alilifuta kwa shati lake. Akaniangalia, akasogeza pua shingoni mwangu, akanusa, akanusa tena.

"Mama Limi," alisema, "hicho kitunguu saumu umekitoa wapi?"