Zamu ya Bi Pasi

Binti wa mapokezi alimkabidhi Mwalimu ufunguo mzito wa shaba, wa chumba namba kumi na nne, kisha akateremsha sauti na kumwuliza kama anazo habari za chumba hicho. Mwalimu akasema anazo. Nani asiyekuwa nazo? Hoteli ile ilijengwa kabla reli haijafika mjini, ngazi zake za mbao zimelika katikati kwa nyayo za watu ambao wengi wao wameshakufa, na kwa umri wote huo haikuwahi kuwa na mzimu wa kueleweka. Mzimu ulianza miaka mitatu tu iliyopita, tena mzimu wa kazi. Kila Alhamisi asubuhi, mgeni wa namba kumi na nne akiteremka kunywa chai, akirudi hukuta kitanda kimetandikwa, na akiuliza nani katandika hutajiwa marehemu aliyekuwa mhudumu wa vyumba hapo. Badala ya kukikimbia chumba, wageni wakaanza kukigombea. Watu wana mambo.

Masharti yalikuwa mepesi: uteremke saa moja asubuhi, uache kitanda kimevurugika, usifunge mlango kwa ufunguo. Mwalimu aliitikia yote. Asilosema ni kwamba marehemu huyo, Bi Pasi kwa jina la utani, ndiye aliyemzaa.

Kaka yake seremala alimcheka mpaka akaweka randa chini. Alimwambia kama mama angetaka kutandikia watu vitanda baada ya kufa, angeanza na cha kwake yeye, ambacho hakijaona shuka safi tangu mkewe asafiri. Mwalimu hakucheka. Kaka hakujua kilichokuwa kinamtafuna dada yake, kwa sababu dada hakuwahi kumwambia mtu.

Ilikuwa hivi. Miaka tisa nyuma, ualimu wake ukiwa bado mbichi, aliletwa hotelini hapo kwa semina. Mchana mmoja alikuwa ameketi barazani na wakaguzi wa elimu, watu wa tai na miwani, mama yake akapita na furushi la mashuka machafu kifuani. Mama akapunguza mwendo, uso umemchangamka. Mkaguzi mmoja akauliza kama yule mama wanafahamiana. Mwalimu akajibu kwamba hamfahamu. Alijibu haraka, na kwa sauti ya kusikika. Mama akasema, "Karibuni, wageni wetu," akaenda zake.

Nyumbani mama hakuligusia kabisa. Alimpikia, akamuuliza habari za wanafunzi, akamcheka kwa kukonda. Laiti angemgombeza. Kila likizo Mwalimu alijiapiza kwamba safari hii ataomba radhi, na kila likizo alirudi kazini jambo lile likiwa bado rohoni. Simu ilipokuja alisafiri usiku kucha, lakini alipofika hospitalini mama alikuwa ameshakata kauli. Kwa hiyo kama kweli mama alikuwa anarudi kila Alhamisi, basi Mwalimu alikuwa bado na nafasi moja ya kumwambia. Mtu mzima, mwenye cheti chake ukutani, alikuwa ameegemea hapo.

Usiku haukuwa na lolote. Mabomba yalinguruma ukutani, mbao za sakafu zikaalika, mgeni wa chumba cha chini akakoroma bila haya. Mwalimu hakupata hata lepe la usingizi. Alilala chali akiyapanga maneno yake, akayapunguza na kuyapunguza, mpaka yakabaki mawili: nisamehe, mama.

Saa moja akateremka, akakaa mbele ya kikombe cha chai. Waliomtangulia walikuwa wakikaa nusu saa au zaidi, maana aliyelipia mzimu hataki kuuharibu. Yeye hakuweza. Chai haijapoa akapanda ngazi, akasukuma mlango.

Mwanamke wa makamo, mwenye sare ya buluu ya hoteli, alikuwa ameinama akikunja pembe ya shuka.

Mwalimu akakaa kwenye kiti. Hakujua alitarajia kumwona mama katika sura gani, lakini si hii. Aliona aibu ya mtu aliyejidanganya mwenyewe, kisha ikamjia hasira. Akauliza kwa ukali ni nani aliyewaruhusu kumchezea marehemu.

Mhudumu hakutishika. Alimaliza pembe yake kwanza. Kisha akaeleza kwamba kule chumba cha kufulia kuna ubao wa zamu, na zamu ya Alhamisi, ghorofa ya tatu, ambayo siku hizi ina chumba kimoja tu kisichovuja, imeandikwa Bi Pasi kwa chaki. Alipofariki, kila aliyeshika kitambaa ili amfute alikirudisha chini. Jina likabaki, na kwa kuwa zamu ni zamu, wakawa wanapokezana kumfanyia. Siku moja mgeni akataka kumshukuru aliyemtandikia. Binti wa mapokezi, ndiyo kwanza kaajiriwa, akaenda kusoma ubao, akarudi na jina. Bawabu akasema huyo tulishamzika. Kufikia mchana meneja alikuwa na mzimu wake. Wao walinyamaza, kwa sababu wangesema ukweli, jina lingefutwa.

Akanyoosha mgongo, akamtazama Mwalimu vizuri.

"Wewe ndiye Mwalimu," alisema. "Mama yako hakuchoka kutusimulia ile siku ya semina. Kwamba ulisimama mbele ya wale wakubwa, ukampokea furushi, ukasema huyu ni mama yangu. Kila mfanyakazi mpya alikuwa lazima asimuliwe."

Mwalimu angeweza kuitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha hapo.

"Sikusema hivyo, mama mdogo. Nilisema simfahamu."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nyuma yake, nimebeba mito."

"Na ukamwacha asimulie?"

"Miaka sita. Wakiniuliza mimi kama ni kweli, nilikuwa naitikia."

Mwalimu akalia, kwa sauti, bila kujificha, kama ambavyo hakulia hata msibani. Mhudumu alimwacha alie. Halafu akatazama saa yake, akasema saa nne kuna wageni wanaingia, na akamrushia upande wa pili wa shuka. Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja, akavuta shuka, akakunja pembe kwa jinsi alivyodhani. Mhudumu akazunguka kitanda, akaikagua ile pembe, akaifumua yote.

"Bi Pasi asingeipitisha hii," alisema. "Rudia."

Mwalimu akarudia.