Nipimie Ule Mwanga

Mama alikuwa anapiga pasi gauni lake la ibada aliposema neno lile, na alilisema bila kuinua macho, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Mwanangu, nipimie ule mwanga."

Binti yake alikuwa mpima ardhi, na mtaa mzima ulimwita Mpima tangu siku aliyorudi na cheti chake. Kazi ilikuwa imempeleka mbali. Alirudi nyumbani kumzika mdogo wake, na sasa wageni wa msiba walikuwa wameanza kupungua.

"Unapimwaje mwanga ulioshazimika, mama?"

"Kwani mpaka wa shamba una mwili? Mbona unaupima."

Mpima alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akafunika mdomo kwa aibu.

Habari za mwanga huo alizisikia hata kabla hajashusha begi. Mdogo wake aliitwa Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi hata akiwa na mkate mdomoni. Alikuwa fundi wa bomba katika idara ya maji. Siku ya mwanga huo alipanda mlimani kukagua bomba linalotoka kwenye chemchemi, ukungu ukashuka, na hadi jua linakaribia kuzama alikuwa hajarudi. Wanaume wakakusanyika mlangoni na kamba na tochi. Sebuleni wanawake walikuwa wamepiga magoti. Mama aliomba kwa sauti, uso wake ukiuelekea mlango uliokuwa wazi, akimsihi Mungu ampe ishara, hata moja tu. Kabla hajafika kwenye amina, mwanga mwekundu ukatokea angani ndani ya ukungu, ukapanda, ukatulia, ukafifia. Ilikuwa kufumba na kufumbua.

Mama alisimama, akafuta machozi, akawaambia wanaume: "Mungu amejibu. Mtoto yuko salama, amejisitiri kwenye kibanda cha chemchemi. Rudini majumbani, msije mkavunjika miguu kwenye ukungu huu. Mtapanda asubuhi."

Wakaimba wimbo wa shukrani, wanaume na kamba zao mabegani. Asubuhi walimkuta Mluzi chini ya korongo, amekufa.

Mtu mwingine imani ingemtoka. Mama haikumtoka. Alisema yeye ndiye aliyeisoma ishara vibaya: mwanga ule ulikuwa roho ya mwanawe ikipokelewa. Tena kaka wa mama, seremala, aliyeshuka korongoni kumtoa Mluzi, alimwambia kwamba kijana hakuteseka, alikata roho palepale alipoanguka. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomwezesha mama kulala na kuamka. Jumapili angeyatolea ushuhuda kanisani.

"Nataka niseme ulisimama juu ya kanisa letu," alisema, akigeuza gauni upande wa pili. "Mimi niliuona hivyo. Lakini siwezi kusimama mbele za Mungu nikasema uongo, hata wa bahati mbaya. Wewe kazi yako ni kuonyesha kitu kiko wapi. Basi nionyeshe."

Mpima alitoa dira na ramani kwenye begi lake. Alimwomba mama apige magoti palepale alipokuwa siku ile na anyooshe mkono. Mkono ulipita katikati ya mlango, ukapita juu ya bati la kanisa, ukaenda. Mama alikuwa amesema kweli. Lakini mstari ule haukuishia kanisani, uliendelea hadi mlimani, na kwa mstari mmoja huwezi kujua kitu kilisimama karibu au mbali. Alihitaji mtu aliyeuona kutoka pembeni.

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mwenye maneno mengi na pini mdomoni.

"Niliuona, mbona niliuona! Nilikuwa naanua nguo. Nikamwambia mume wangu toka uone, akaniambia ni macho yangu, nikavae miwani. Na hiyo miwani alishaikalia mwenyewe."

"Ulisimama wapi, dada?"

"Hapa kwenye kamba. Nilikuwa nimeshika shuka, pembe hii." Akashika pembe ya hewa, akanyoosha mkono wa pili. "Kule. Juu ya lile tangi bovu."

Mpima alitazama dira. Mkono wa fundi haukuelekea kanisani hata kidogo. Alimwomba ashushe mkono, ageuke, aanze upya. Mkono ulirudi palepale.

Ramani waliitandaza juu ya meza ya kukatia nguo, Mpima akachora mstari wa mama, kisha wa fundi. Mistari ilikutana juu ya korongo. Si karibu na korongo, bali juu yake hasa, sehemu ile ambayo bomba hulivuka.

"Mbona unaikunja ramani?" fundi aliuliza. "Nimekosea?"

"Hapana, dada. Hujakosea."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mjomba wake, aliyemtoa Mluzi korongoni. Seremala alikuwa anapiga randa ubao, na alipomwona na dira mkononi alijaribu mzaha wake wa siku zote.

"Mpwa, umekuja kunipimia tumbo? Limevuka mpaka."

"Mjomba, Mluzi alikuwa na nini mkononi?"

Randa ilisimama. Mjomba alipangusa vumbi la mbao kwenye mikono, akaendelea kuipangusa ilipokuwa safi tayari. Kisha akafungua boksi la misumari, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Kilikuwa bomba dogo la karatasi ngumu, limeungua mdomo, na uzi wake umevutwa.

"Sikukijua," alisema. "Nikaenda idara ya maji kuuliza. Wakasema ni fataki ya dharura, wamewagawia mafundi majuzi tu. Ukipotea, unavuta uzi, inaruka na kuwaka, watu wanakuja." Aliugusa uzi uliovutwa. "Watu wanakuja, mpwa. Na mimi nilikuwa mlangoni na kamba begani."

"Kwa hiyo hakufa palepale."

"Mguu ulikuwa umevunjika. Alikuwa ameufunga kwa shati lake, akaufunga vizuri. Nilimdanganya dada yangu, na nitamdanganya tena nikiulizwa. Wewe ukitaka kumwambia, mwambie. Mimi sina ubavu huo."

Njia nzima Mpima aliomba. Alimwomba Mungu ampe neno ambalo lisingekuwa uongo wala lisingemuua mama yake. Alifika mlangoni hajapewa.

Gauni lilikuwa limetundikwa, limenyooka. Mama alikuwa amekaa akimsubiri, mikono mapajani.

"Haya. Mwanga ulisimama wapi?"

Mpima alifikiria kusema juu ya kanisa. Neno lilikuwa rahisi, lilikuwa mdomoni. Lakini mama alimtazama kwa imani ileile aliyomtazama nayo kila alipomsimulia kazi yake, kwamba Mpima akisema kitu kiko hapa, basi kiko hapo. Alifungua kitambaa, akaliweka lile bomba mapajani mwa mama, akamwambia yote, taratibu, bila kuruka la mguu wala la shati.

Mama alilishika lile bomba. Akaingiza kidole kwenye mdomo ulioungua, akakitoa na masizi.

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai, mama."

"Alikuwa anatuita."

"Ndiyo."

"Na sisi tukaimba."

Mpima alitazama mlangoni. Nje jua lilikuwa linashuka, na bati la kanisa lilikuwa limeanza kufifia.

"Mama, kesho si lazima uende. Nitamwambia mchungaji unaumwa."

"Nitakwenda. Niliwaambia watu wale warudi majumbani. Ni mimi nitakayewaambia walikokuwa wanaitwa." Aliligeuza bomba mkononi. "Mimi nilikuwa naomba, mwanangu. Kumbe naombwa."

Akainuka kwa shida, akaenda mahali pale pale, akapiga magoti akiuelekea mlango. Midomo yake ilifunguka, lakini haikutoka sala. Badala yake akanyoosha mkono.

"Nionyeshe ni wapi hasa."

Mpima alipiga magoti nyuma yake, akaushika mkono wa mama, akauinua kidogo, juu ya bati la kanisa, juu ya miti, hadi kwenye ule ufa mweusi wa mlima. Mama hakuushusha. Ulipoanza kuchoka, Mpima aliushikilia kwa chini, nao wakabaki hivyo, wakitazama kule.