Vipimo Vilivyotundikwa Ukutani

Mimi ni fundi viatu, na kuhusu adabu ya mguu sina la kufundishwa. Kwa miaka ishirini na minane nimeshika miguu ya kila aina: yenye malengelenge, yenye fangasi, ya maharusi, ya wafungwa waliotoka jana. Sijawahi kuuonea mguu kinyaa. Kinyaa changu nimewawekea watu wenye viatu vizuri.

Nilianza kukitumia siku nilipoitwa kwenye ofisi moja ya msaada, ghorofa ya pili, yenye zulia jeupe linalomlazimu kila mgeni avue viatu mlangoni. Mkurugenzi wao huitwa Tabasamu na wafanyakazi wake mwenyewe, kwa kuwa tabasamu halimtoki hata anapomfukuza mtu kazi. Alitaka jozi arobaini za viatu vya ngozi, zawadi kwa vijana wa shule moja ya mbali, kule juu ambako barabara inaishia na gari linaendelea kwa ubishi tu. Nikauliza ni za miguu gani. Akasema ni vijana tu, wa miaka kumi na tano hadi kumi na minane, nishone za wastani. Nikamwambia katika maisha yangu sijakutana na mguu wa wastani. Akatabasamu.

Dereva wao, mzee mwenzangu, ndiye aliyenisimulia zawadi zilizotangulia. Mwaka juzi waliwapelekea tai za shingoni. Mwaka jana ilikuwa miwani ya kuogelea, mahali ambapo maji ya kunywa yanatekwa kwa kikombe. Kabla ya hapo vilikwenda viatu vya plastiki vya visigino virefu, na wasichana walivikata visigino kwa panga, wakavivaa hivyo hivyo vimebinuka pua. Dereva alisimulia akicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea. Mimi nilitema mate pembeni, kisha nikamwomba radhi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi nikamtuma dereva huyo amwambie mwalimu wa kule afanye kama anavyofanya mama yeyote anayekwenda kumnunulia mtoto viatu na mtoto kabaki nyumbani. Akate kamba ya urefu wa mguu, kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, apige fundo pale upana unapofikia, afunge na kikaratasi chenye jina. Kamba moja kwa kila kijana ingetosha. Dereva akaahidi, na ni mtu wa kutimiza ahadi.

Zikapita wiki tatu. Kila nilipopiga simu ofisini, msichana wa mapokezi alinijibu kwa sauti tamu kwamba hakuna vipimo vilivyofika. Dereva mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali kwa maradhi ya mgongo, na simu yake haipatikani. Siku ya safari ilikaribia, na Tabasamu akaanza kumtaja mfanyabiashara fulani mwenye ndara za plastiki za saizi moja zinazomfaa kila mtu. Nikaona nisingoje. Nikaenda.

Nilivua viatu mlangoni, nikainua macho, nikaviona vipimo vyangu. Vilikuwa ndani ya fremu ya kioo kubwa kama mlango, nyuma ya meza ya mapokezi. Kamba za katani zilikuwa zimepangwa kuanzia fupi hadi ndefu, kila moja na fundo lake, kila moja na kikaratasi chenye jina kwa mwandiko mmoja wa kialimu. Taa ndogo ilimulika kutoka juu. Chini pameandikwa kwa herufi za dhahabu: SHUKRANI ZA VIJANA WETU.

Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. Msichana wa mapokezi akanieleza kwa fahari kwamba kamba hizo zilikuja katika bahasha iliyoachwa mezani kwake na dereva siku ile ile alipokimbizwa hospitali. Ni sanaa ya mikono, alisema, na kila kijana ametia jina kwenye kazi yake. Wageni wengi wameshapiga picha mbele yake.

Kosa si kitu, kila mtu hukosea. Kilichonichefua ni wepesi wao wa kuamini: kwamba watu wasio na viatu, wakisikia viatu vinakuja, wataketi kitako wasokote kamba za kushukuru. Ukiwaza hivyo juu ya mtu, kichwani mwako humuoni yeye, unajiona mwenyewe unavyoshukuriwa.

Tabasamu alipotoka chumbani kwake nilimwambia kinachoning'inia pale ni miguu ya watu, ndiyo vipimo nilivyokuwa nikivililia. Nakiri nilitarajia aibu. Akasema kumbe hadithi hiyo ni nzuri kuliko ile ya kwanza, maandishi yatabadilishwa. Lakini fremu isifunguliwe maana imezibwa kwa gundi. Nipimie juu ya kioo. Nikapanda kiti cha wageni na soksi zangu zenye tundu, futi mkononi, nikapima kamba moja baada ya nyingine huku msichana wa mapokezi akinipiga picha.

Zilikuwa thelathini na tisa. Nikahesabu upya.

"Ya arobaini iko wapi?" nikauliza.

"Ile pacha?" Tabasamu akasema. "Ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Kamba mbili zimefungwa pamoja, moja ya kawaida, nyingine ndefu hivi. Mgeni wetu mkuu aliipenda, tukampa."

Nilishuka kwenye kiti polepole. Fundi mwenzangu asingehitaji maelezo, lakini wewe nitakueleza. Nilisema kamba moja kwa kila kijana. Mwalimu akituma mbili kwa jina moja, maana yake miguu ya mwenye jina hilo hailingani, na hakuna duka litakalomuuzia jozi yake. Kijana huyo alikuwa akinihitaji kuliko wale wengine wote. Nikamwomba Tabasamu airudishe ile kamba. Akanijibu, kwa upole wa mtu anayemwelimisha mjinga, kwamba zawadi haidaiwi. Angalau amwombe mgeni aipime kwa rula anitumie urefu wake, nikasihi. Akasema ataangalia, na hadi leo anaangalia.

Nikashona thelathini na tisa. Nilizishona kwa hasira, na kiatu cha hasira huwa na uzi uliokaza. Mke wangu alilalamika kwamba nyumba nzima inanuka gundi na matusi. Ngozi ya jozi ya arobaini niliikunja nikaitia kwenye mfuko pamoja na soli, sindano na nyundo, na siku ya safari nikapanda gari lao bila kualikwa.

Shule ilikuwa madarasa matatu, tangi la maji na uwanja wa kokoto zenye ncha. Vijana walikuwa wamepangwa mistari tangu asubuhi, wengi wao peku, nyayo zimepasuka. Viatu vilipogawiwa viliwakaa. Sitajisifu, ila kijana mmoja alitembea hatua kumi, akasimama, akageuka kuangalia kokoto alizozipita, na mimi nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Wa arobaini alikuwa binti wa miaka kumi na saba hivi, ameketi kwenye benchi la nyuma kabisa, mguu wa kushoto umezungushiwa kitambaa hadi juu ya kifundo. Mwalimu alinivuta kando. Akasema mguu huo umekua kupita mwenzake tangu utotoni, na binti hajawahi kumwonyesha mtu, hata yeye mwalimu wake. Siku ya kupima alikataa. Kesho yake akakataa. Siku ya tatu akaja mwenyewe mbele ya darasa zima, akafungua kitambaa, akasema pima upesi. Wapo waliocheka. Alivumilia kwa sababu kiatu kilikuwa kinakuja.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Akaniamkia kwa heshima. Nikamweleza kwamba mimi ndiye fundi, kipimo chake kilipotelea mjini, si kosa lake wala la mwalimu. Vifaa ninavyo, nitalala hapa hapa, na kesho asubuhi atavaa.

"Mimi nilishapima," akasema.

"Najua, mwanangu. Mara moja tu tena. Tutaingia darasani, tufunge mlango."

"Baba, nilishautoa mara moja. Sitautoa tena."

Nilibaki na futi yangu mkononi, nikijionea kinyaa hata mimi, maana nilikuwa namwomba alipie mara mbili kitu alichokwisha kukilipia.

Tabasamu akatuona, akaja na mpiga picha pamoja na mgeni mkuu. Mgeni alikuwa mama wa makamo, na usoni alikuwa na huruma ya kweli, jambo lililoniudhi zaidi, kwani mnafiki ningejua la kumfanya. Aliinama akakamata mkono wa binti kwa mikono yake miwili, akamwambia yeye ni shujaa. Kwenye kifundo cha mkono wake, pale panapokaa saa, alivaa bangili ya katani iliyosokotwa vizuri na kutiwa kifungo cha fedha. Mafundo ya mwalimu yalikuwa bado yanaonekana.

Binti aliyaona kabla yangu.

"Mama," akasema, "hiyo ni miguu yangu."

Mgeni hakuelewa. Mwalimu ikabidi amweleze. Yule mama akajiziba mdomo, machozi yakamlengalenga, akaivua bangili na kuiweka kwenye kiganja cha binti. Mpiga picha akapiga. Nilishusha pumzi. Nikajisemea kwamba kipimo kimerudi, mguu utabaki umefunikwa, na kesho atavaa.

Binti akatoa kile kifungo, akazisokotoa kamba taratibu, akazinyoosha juu ya paja lake, moja kando ya nyingine. Zilikuwa sawasawa, ncha kwa ncha.

"Moja ilikuwa imezidi," mgeni akasema. "Nikaikata zilingane."

Binti akazikunja, akamrudishia mgeni pamoja na kifungo chake, akamshukuru kwa adabu aliyofundishwa kwao. Akainuka, akakatiza uwanja wa kokoto akichechemea bila haraka. Mimi nikabaki nimepiga magoti mbele ya benchi tupu, na Tabasamu akaniomba nisogee kidogo, nazuia picha.